Kifuniko Kwenye Dirisha la Mama Madoa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Madoa atakabidhi funguo mbili, koti moja la mvua, na ngazi ya mbao ambayo aliiazima stoo katika wiki yake ya kwanza kazini kwa ahadi ya kuirudisha kesho yake. Atakuwa ameitumikia taasisi hii kwa miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akaurudisha waraka wao ukiwa umepigwa mstari mwekundu, kwa maelezo kwamba "zaidi ya" si kipimo.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu mfupi, mchangamfu, usio na utata, wenye visa viwili au vitatu vya kuchekesha. Nilichaguliwa mimi, fundi wa vipimo wa chumba namba nne, kwa kuwa mlango wangu unatazamana na wake, na kwa kuwa hakuna mtu hapa aliyekunywa chai yake kwa wingi kama mimi. Ipo sababu moja ambayo ingetosha kuninyima kazi hii, lakini mhariri haijui. Ataijua pamoja nanyi.

Kwa faida ya wageni watakaohudhuria sherehe bila kujua wanamuaga nani, nianze kwa kusema kwamba Mama Madoa si daktari wa ngozi. Ni mwanasayansi wa mazingira, na madoa yake ni yale ya kijivu, ya kijani na ya manjano yanayoota juu ya mawe, kuta na magome ya miti, ambayo wengi wetu huyapita tukidhani ni uchafu. Wataalamu huyaita kuvumwani. Katika korido yetu yaliitwa ukurutu wa mawe, na jina hilo lilivuma kiasi kwamba siku moja bwana mmoja kutoka idara jirani alikuja amekunja shati, akamnyooshea mkono unaomwasha. Mama Madoa aliukagua kwa lenzi dakika nzima, kwa heshima zote, kisha akamweleza kwa masikitiko kwamba hayo si ya upande wake.

Kuvumwani, alivyozoea kutufundisha, ni ndoa. Kuvu na mwani huishi pamoja: kuvu hujenga nyumba na kuteka maji, mwani hupika. Ndoa hiyo haina mizizi wala ngozi ya kujikinga. Hula na kunywa kile tu inacholetewa na hewa, kiwe kizuri au kibaya, na haina dirisha la kufunga. Ndiyo maana hewa ikiharibika, yenyewe hujua kabla yetu. Zile zenye ndevu zinazoning'inia hufa kwanza. Zenye umbo la majani hufuata. Mwishoni hubaki zenye ganda gumu lililogandamana na jiwe, zisizojali lolote. Mama Madoa alisema hajawahi kufanya utafiti wa namna hiyo miongoni mwa wafanyakazi wa ofisi, lakini angeshangaa sana kama matokeo yangekuwa tofauti.

Njia yake ya kufanya kazi ilikuwa rahisi hadi kutia aibu. Mwaka wake wa kwanza alichagua sehemu arobaini na moja ndani na nje ya mji: kuta, mawe, magome, paa la ofisi yetu. Kila sehemu aliipigilia misumari minne midogo isiyoshika kutu. Halafu kila mwaka, wiki ileile, aliweka karatasi ya plastiki angavu juu ya doa, akabana pembe zake kwenye misumari, na kulifuata doa ukingoni kwa kalamu ya wino mweusi. Chini ya karatasi alibandika lebo yenye mistari minne: tarehe, mahali, mkusanyaji, na "kiashiria cha". Mstari huo wa mwisho ndio uliokuwa unamchukua muda. Hapo ndipo alipoandika doa linatuambia nini, na hakuandika mpaka awe na uhakika. Ukimletea jiwe bila kukumbuka uliliokota lini, alikurudishia.

"Kitu kisicho na tarehe," alikuwa akisema, "ni uvumi."

Leo karatasi hizo ni zaidi ya elfu moja na mia tatu, na zote zimechorwa kwa mkono mmoja. Ukichukua za doa moja, ukazipanga kwa mpangilio wa miaka na kuzipitisha haraka mbele ya macho, utaliona doa likitanuka, likisita, likinywea. Nimezipitisha hivyo mara nyingi kuliko nilivyopaswa, wakati mwenyewe ametoka.

Shemeji yetu, yaani mumewe, ni fundi saa, na kwa miaka mingi tulidhani yeye ndiye mwenye subira zaidi katika nyumba ile. Alitusahihisha mwenyewe kwenye harusi ya binti yao. Alisema yeye huishika saa inayochelewa mpaka iende sawasawa, ilhali mkewe hukaa mbele ya kitu kinachokwenda milimita moja kwa mwaka na kurudi nyumbani akilalamika kwamba mwaka huu kimekimbia.

Sehemu tisa kati ya zile arobaini na moja zipo makaburini, kwa sababu jiwe la kaburi ndilo jiwe pekee mjini linalotaja umri wake bila kuombwa. Dereva wetu hakupapenda pale, na aliegesha gari nje ya geti, uso umeelekea njia ya kurudi. Mama Madoa aliingia, akapiga magoti mbele ya kaburi la mtu asiyemjua, akalisogelea jiwe hadi pua iliguse, akakaa hivyo nusu saa. Waliokuja kuzuru ndugu zao walimwonea huruma. Walimshika bega na kumpa pole, na mmoja alimwachia kitambaa cha kufutia machozi. Yeye alipokea pole zote na kushukuru. Aliniambia kwamba kueleza kuvumwani ni nini kungechukua muda mrefu kuliko kuombolezewa.

Kisa cha pili mnakijua, maana mnakiona kila mnapoingia getini. Mkurugenzi aliyetangulia alitaka ukuta wa uani usuguliwe uwe mweupe kabla ya ziara ya wageni wakubwa. Mama Madoa aliandika barua tatu, hazikujibiwa. Siku ya kusugua ilipofika, alibeba kiti chake, akakiweka mbele ya sehemu namba mbili, akaketi, akafungua faili zake na kufanya kazi pale kutwa nzima. Wenye brashi walikuwa wamepewa amri ya kusugua ukuta, si ya kumsogeza mtu mzima, kwa hiyo walisugua wakamzunguka. Ndiyo sababu ukuta wetu ni mweupe wote, isipokuwa pale palipobaki kivuli chenye upana wa kiti na urefu wa mwanamke aliyekaa. Wageni walipouliza, Mkurugenzi alisema hicho ni kituo cha utafiti. Tangu siku ile kikawa ndicho.

Mhariri aliomba visa viwili au vitatu. Cha tatu ndicho hiki, na ndicho kirefu.

Miaka kumi na mitano iliyopita taasisi yetu ilipata mashine ya kupima hewa. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Mdomo wake wa kuvutia hewa uliwekwa juu ya paa, bomba likashuka kupitia darini hadi chumba namba nne, na mimi nikakabidhiwa mashine yenyewe. Nilipewa na kiyoyozi, kwa kuwa haipendi joto, na amri ya kufunga madirisha, kwa kuwa haipendi vumbi. Nikaanza hata kutembea tofauti. Kule juu nilibandika tangazo kwamba hairuhusiwi mtu yeyote kuusogelea mdomo wa mashine kwa hatua kumi, na nikaligonga muhuri.

Mashine ilisema hewa ni safi. Ilisema hivyo kila dakika, mchana kutwa, na kila mwisho wa mwezi niliandika ripoti iliyosema hivyo kwa maneno mengi zaidi. Mkurugenzi wa wakati ule alizipenda ripoti zile. Ng'ambo ya korido, Mama Madoa alikuwa akisema kinyume chake. Madoa yake upande wa kusini yalikuwa yamepoteza ndevu zote, na yale ya majani yalikuwa yakijikunja kutoka ukingoni. Nilimwambia, mbele za watu, kwamba madoa yake yanahitaji mwaka mzima kusema neno moja, wakati mashine yangu husema kila dakika.

"Hata redio husema kila dakika," alinijibu, akaniongezea chai.

Kulikuwa na jambo moja tu lililovuruga usafi wangu. Kila Jumatatu, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, gesi zilipanda ghafla, kisha zikatulia hadi Jumatatu nyingine. Sikuliacha jambo hilo lipite. Niliandika makala ya kurasa ishirini na mbili, nikaipa jina "Hali ya Jumatatu", nikidai kwamba mji uliopumzika mwisho wa wiki hutoa pumzi nzito unaporudi kazini. Niliisoma kwenye kongamano, nikiwa na mchoro wa rangi nne. Wakati wa maswali, Mama Madoa alinyoosha mkono kutoka safu ya tatu na kuuliza chumba changu hupigwa deki saa ngapi.

Ukumbi ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema swali hilo lipelekwe idara ya usafi. Lau ningelipeleka kweli, ningejibiwa kwamba chumba namba nne hupigwa deki kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa dawa ya sakafu inayochoma pua. Nyani haoni kundule, hata akikabidhiwa mashine.

Mwaka wa nne wa mashine, kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu kilicho kusini mwetu kiliomba kibali cha kujenga tanuri la pili, na halmashauri ikatuuliza hali ya hewa. Kati ya kiwanda na ofisi yetu ipo zahanati ya mama na mtoto, na ukuta wake ni sehemu namba kumi na saba ya Mama Madoa. Alikuwa akichora pale amekaa kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya kina mama waliobeba watoto wanaokohoa. Mara nyingi alipakatishwa mtoto wakati mama yake ameitwa ndani, akawa anachora kwa mkono mmoja na kumpigapiga mtoto mgongoni kwa mwingine. Karatasi ya mwaka ule ina mistari iliyotetemeka. Katika ripoti yake aliandika maneno ambayo si ya kawaida yake: "Doa linakufa na watoto wanakohoa. Kipimo cha kikohozi sina. Kipimo cha doa ninacho."

Mkurugenzi alisema hatuwezi kusimama mbele ya halmashauri na ukurutu. Ripoti yake ikawa kiambatisho cha nane, nyuma ya ramani ya maegesho. Ripoti yangu, iliyosema hewa ni safi, ikawa ukurasa wa kwanza.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tano, miaka kumi na mmoja iliyopita, siku ya Jumanne, siku moja kabla ya mkutano, Mama Madoa alipanda paa na ngazi yake kwenda kuchora sehemu namba arobaini na moja. Kwa miaka minne alikuwa ameliheshimu tangazo langu. Siku hiyo alilivuka. Saa nane mchana aliingia chumba namba nne, akafunga mlango, akaweka mezani kifuniko cha plastiki cha rangi ya chungwa, kipana kama kisahani cha kikombe. Kilikuwa na maandishi makubwa yanayomtaka mtu yeyote mwenye macho akiondoe kabla ya kuwasha mashine.

"Nimekikuta juu," alisema. "Nadhani ni chako."

Nilielewa kabla hajamaliza. Waliofunga mashine walisema kifuniko kitaondolewa baada ya ukaguzi. Mkaguzi alikuja, akaomba ngazi, akaambiwa stoo hakuna ngazi, akasaini akiwa amesimama uani. Mimi nilipoiona saini, nikajua ukaguzi umefanyika. Mdomo ulipozibwa juu, mashine ilitafuta hewa kwingine, ikaipata kwenye kiungio kilicholegea darini juu ya kichwa changu. Kwa miaka minne nilikuwa nimepima, kwa usahihi wa hali ya juu, kiyoyozi, madirisha yaliyofungwa, mtu mmoja, na deki ya Jumatatu.

Nilimwambia, "Mama, nimekwisha."

"Hujaisha. Hiyo mashine inahitaji muda gani kupata hewa ya kweli?"

"Saa moja."

"Mkutano ni kesho saa nne. Muda unao."

Nilimwuliza kama hatamwambia Mkurugenzi. Aliniangalia kama anavyoliangalia doa ambalo bado hajajua aliandikie nini. "Madoa hawatayaamini," alisema. "Mashine wataiamini. Wakisikia kesho kwamba ilidanganya miaka minne, hata hiyo hawataiamini tena, na tanuri litajengwa. Kesho acha iseme. Wewe utasema yako baadaye."

Kisha akachukua kifuniko, kwa sababu hajawahi kuacha sampuli nyuma, akaondoka.

Kesho yake nilisimama mbele ya halmashauri na mchoro mpya. Nilieleza kwamba baada ya "uhakiki wa kina wa kifaa" tumebaini sumu nzito kutoka upande wa kusini. Kibali kilikataliwa, na kiwanda kikaamriwa kufunga vichujio kwenye tanuri la kwanza. Nilipigiwa makofi. Mwisho wa mwaka nilipewa cheti cha Mfanyakazi Bora, ambacho mnakiona mapokezi, ndani ya fremu, pembeni ya saa ya ukutani. Wanasema chanda chema huvikwa pete. Mwaka ule pete ilivikwa kidole cha jirani, na kidole kikatulia tuli.

Nilikusudia kusema wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikuwa safarini. Mwezi uliofuata ilionekana si wakati wake. Mwaka uliofuata ingeonekana natafuta sifa ya unyenyekevu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa yake nimeitembea nikiwa nimeketi, chumbani kwa Mama Madoa, nikinywa chai. Kifuniko alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya kopo la sukari, lililokuwa limepoteza kifuniko chake. Hakuwahi kunikumbusha lolote. Hakuwahi hata kutabasamu kwa namna fulani. Alikuwa anauliza tu, "Sukari?" huku mkono wake ukienda dirishani.

Nikaacha sukari. Daktari wangu amenipongeza.

Huenda ningestaafu hivyohivyo, na afya yangu nzuri na cheti changu. Lakini mwezi uliopita ililetwa mezani kwangu rasimu ya waraka unaokwenda kwenye Bodi, ambayo itakaa Alhamisi, siku moja kabla ya sherehe. Waraka unapendekeza kwamba Mama Madoa akiondoka nafasi yake isijazwe, sehemu arobaini na moja zifungwe, na karatasi zake zipelekwe ghala. Sababu imeandikwa kwa ufasaha: madoa hayaongezi taarifa yoyote ambayo mashine haitoi, kama ilivyothibitika pale mashine ilipogundua sumu ya kiwanda. Niliombwa niweke tarakimu za kuunga mkono hoja hiyo.

Nimeziweka, nazo ni hizi. Mashine haikugundua chochote. Ripoti zangu zote arobaini na nane za miaka ile minne hazina thamani, na naomba ziondolewe kwenye kumbukumbu. Sumu iligunduliwa na mwanamke aliyekaa kwenye benchi la zahanati na kalamu mkononi, miaka mitatu kabla ya mashine kuambiwa ukweli. Kama angemsikiliza Mkurugenzi, au kama angenisikiliza mimi, tanuri la pili lingekuwa linawaka hadi leo. Mashine ya kupima hewa ni kitu kizuri na ninaipenda yangu. Lakini inahitaji mtu wa kuiuliza chumba hupigwa deki saa ngapi, na mtu huyo tunamuaga Ijumaa.

Mkurugenzi wa sasa anayasoma haya kwa mara ya kwanza kama ninyi. Nilimpelekea kurasa mbili za mwanzo ili aziidhinishe, akaziidhinisha, na akasema kisa cha makaburini kimemchekesha. Namwomba radhi. Cheti nimekishusha mapokezi asubuhi ya leo, na msumari nimeuacha.

Naiomba Bodi nafasi ile isifungwe. Kama hakuna wa kuijaza, naomba nihamishiwe mimi kwa miaka sita niliyobakiza. Najua mkono wangu si wake, na karatasi zote zile zimechorwa kwa mkono mmoja. Lakini katika fani yangu kuna kanuni moja niliyoikariri vizuri hata nilipokuwa nazikiuka nyingine: chombo kipya hulinganishwa na cha zamani kabla cha zamani hakijaondolewa. Kwa hiyo wiki ya kuchora ya mwaka huu tunamhitaji Mama Madoa aje kama mgeni, achore kila doa, na mimi nilichore baada yake, ili ijulikane mkono wangu unakosea kwa kiasi gani. Mwenyewe ameshakubali. Sharti lake ni kwamba ngazi nitaibeba mimi.

Kuhusu sehemu namba kumi na saba, wengi wenu hamjaiona karatasi ya mwaka jana. Madoa ya majani yamerudi kwenye ukuta wa zahanati, upana wa ukucha wa kidole gumba. Pembeni yake, karibu na msumari wa chini, lipo doa moja la ndevu, fupi kuliko kope. Mama Madoa alilichora, akavua miwani, akainamia magoti yake kwenye lile benchi. Dereva alidhani ameugua. Alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyempa pole.

Jana nilikwenda chumbani kwake kumwambia ninachoandika. Alikuwa anapanga vitu kwenye maboksi. Nilitarajia atanikataza, au atanisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisema tu, "Ukiandika, weka na tarehe." Ndiyo maana mmeiona hapo juu, pamoja na siku yake.

Kisha akaenda dirishani, akakitoa kifuniko juu ya kopo, akakipangusa sukari kwa upande wa kanga yake na kunipa. Upande wa ndani, mahali ambapo kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuthubutu kutazama, alikuwa amebandika lebo. Wino wake umefifia lakini unasomeka. Tarehe ni ileile ya Jumanne ile. Mahali: paa la ofisi, mdomo wa mashine. Mkusanyaji: fundi wa vipimo. Hata hapo alikuwa ameniandika mimi. Mstari wa nne, "kiashiria cha", ulikuwa mtupu. Alikuwa ameuacha wazi muda wote huo, kwa sababu haandiki mpaka awe na uhakika.

Nimelikata jina langu na kuandika lake. Kwenye mstari wa nne nimeandika: hewa ya chumba namba nne, kwa miaka kumi na mitano, minne ya mashine na kumi na mmoja ya fundi wake.

Mama Madoa, kwa niaba ya korido nzima, wenye ndevu, wenye majani na sisi wenye ganda, tunakushukuru. Tunakutakia wewe na shemeji yetu siku ndefu, saa zisizo na haraka, na kuta nyingi ambazo hakuna mtu anayetaka kuzisugua. Kifuniko kinabaki kwangu, maana sasa kina lebo kamili. Zawadi yako ya Ijumaa kutoka chumba namba nne ni kopo jipya lenye kifuniko chake, na ukiniuliza, nitajibu vijiko viwili.